Chanjo ya malaria ilijaribiwa kwa watoto wetu Kilifi, mbona kliniki yetu haina?

MamaRehema

Habari zenu wadau. Naomba mwenye kujua haya mambo anieleweshe pole pole maana yamenikaa moyoni muda mrefu. Miaka ile ya 2009, 2010 ulikuja utafiti wa chanjo ya malaria huku kwetu Kilifi, ile inaitwa RTS,S, na dada yangu akamuingiza mtoto wake. Hakulazimishwa, alielezwa, akasaini fomu ya ridhaa, mtoto akawa anadungwa na kutolewa damu kila wakati wake ukifika, akiugua anatibiwa bure na nauli anarudishiwa. Kwa hilo sina neno kabisa. Lakini mnajua maneno ya watu yalivyokuwa, aliambiwa amepeleka mtoto kwa mumiani, hiyo damu inaenda kuuzwa, hata mama mkwe alikuwa hataki kumuona. Yeye akashikilia tu, alikuwa ameshazika mtoto kwa malaria na akasema kama kuna kitu kitafanya mwingine asizike basi huyu wangu achukuliwe hiyo damu.

Sasa mimi nina mtoto wa miezi 7. Wifi yangu anakaa Homa Bay, mtoto wake amedungwa chanjo ya malaria kliniki vile anadungwa ya surua, bila kulipa kitu. Nikamuuliza nesi wa huku akasema hiyo huku kwetu hatuna, ni ya watu wa ziwani.

Swali langu, watoto waliojaribiwa ni wa huku, iweje faida ianzie kwingine? Kuna sheria ama maandishi popote yanasema jamii iliyokubali utafiti ni lazima ipate dawa ikishakubalika? Sitafuti kugombana na mtu. Nauliza manake tumesikia kuna utafiti mwingine wa chanjo unaweza kufika na wanawake wenzangu wananiuliza mimi, tuingie ama tusiingie.

Kazungu_nyanjani

Dada hongera sana kwa huyo dadako, watu kama yeye hawatajwi popote na bila wao hakuna chanjo. Mimi nimefanya kazi za nyanjani kwenye tafiti miaka kadhaa kwa hiyo acha nikueleze nijuavyo.

Kwanza utafiti ule haukuwa wa Kilifi peke yake. Ulikuwa na watoto 15,459 kwenye vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, hapa Kenya vilikuwa Kilifi, Siaya na Kombewa. Na si kila mtoto alipata chanjo ya malaria! Kuna kundi lilidungwa chanjo nyingine kabisa ili kuwe na wa kulinganisha nao, wale walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 walipewa ya kichaa cha mbwa, na aliyekuwa anapima watoto hakujua nani kapata nini. Kwa hiyo inawezekana mtoto wa dadako alichangia bila kukingwa malaria hata siku moja, na mchango wake ni sawasawa na wa yule aliyekingwa.

Majibu yalitoka 2015, dozi 4 zilipunguza malaria kwa kama 36% katika miaka 4 kwa hao walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17. Si kinga kamili ila ukipiga hesabu ya watoto wanaolazwa ni kubwa mno. Wadhibiti wa dawa wa Ulaya wakatoa maoni mazuri mwaka huohuo, lakini Shirika la Afya Duniani likasema ngojeni kwanza, kulikuwa na maswali ya homa ya uti wa mgongo na ya vifo vya watoto wa kike, hivyo ikaamuliwa itolewe kwa majaribio kupitia kliniki za kawaida katika Malawi, Ghana na Kenya kuanzia 2019. Yale maswali yakajibiwa, hofu haikuthibitika, ndipo tarehe 6 Oktoba 2021 wakaipendekeza rasmi.

Sasa kwa nini ziwani. Upimaji wa kitaifa wa 2020 ulikuta watoto wenye vimelea vya malaria kwenye damu ukanda wa ziwa ni 19%, Pwani ni karibu 5%. Kenya ikachagua kaunti 8 za magharibi kwa sababu huko ndiko malaria inaua zaidi, na dozi zilikuwa za kuhesabu. Huku kwetu malaria imeshuka sana tofauti na miaka ile ya nyuma. Inauma lakini kwa hilo mimi siwezi kulaumu aliyechagua.

MwanaKorogwe

Wakuu nawasalimu. Huyu dada ameuliza jambo ambalo na sisi huku Tanzania tumelimeza tu. Katika vile vituo 11 viwili vilikuwa kwetu, Bagamoyo na Korogwe. Halafu 2019 ilipoanza kutolewa kwenye kliniki ikaenda nchi tatu na Tanzania haikuwemo. Watoto wa Korogwe wametolewa damu miaka na miaka, wamama wametembea na watoto mgongoni kwenye matope, na mwisho wa siku tunasoma kwenye taarifa ya habari kwamba Afrika imepata chanjo. Afrika ipi?

Kaka Kazungu nakuheshimu lakini hili neno la dozi ni chache linasemwa kama mvua haikunyesha. Uchache ule ulikuwa na mwenyewe. Kampuni moja tu ya dawa, GSK, ndiyo ilikuwa inatengeneza, iliahidi hadi dozi milioni 15 kwa mwaka wakati mahitaji yalikadiriwa kufika milioni 40 hadi 60 ifikapo 2026. Bei yake ilikuwa kama yuro 9.30 kwa dozi na mtoto mmoja anahitaji dozi 4, piga hesabu mwenyewe kwa nchi yenye watoto mamilioni. 2023 zikagawiwa dozi milioni 18 kwa nchi 12, za miaka miwili mitatu. Sasa chanjo ya pili ya malaria, R21 ya Chuo Kikuu cha Oxford, ambayo nayo imejaribiwa hapahapa kwetu, Bagamoyo na Kilifi pamoja na Mali na Burkina Faso, wao waliingia mapema na kiwanda cha Serum cha India, bei dola 2 hadi 4 na uwezo wa dozi milioni 100 kwa mwaka. Kumbe inawezekana. Mtu akikaa akapanga kabla, inawezekana.

Kazungu_nyanjani

MwanaKorogwe kwa bei na kiwanda nakubaliana na wewe asilimia mia. Ninachokataa ni hili wazo la kwamba aliyejaribiwa awe wa kwanza kwenye foleni. Fikiria mama wa kijiji cha Migori ambacho hakijawahi kuona mtafiti, watoto wanakufa kila msimu wa mvua, umwambie subiri kwanza Kilifi wamalize kwa sababu wao walisaini fomu? Mimi siwezi kumwambia hivyo. Mgonjwa zaidi atangulie.

Mwanakamati

Nimekaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti kwa muda, kwa hiyo nijibu lile swali la MamaRehema la maandishi, maana naona limepitwa.

Maandishi yapo. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, ambalo lilianza 1964 na limerekebishwa mara nyingi, linasema kabla utafiti haujaanza mfadhili na watafiti wapange jinsi washiriki watakavyopata kile kitakachothibitika kuwasaidia. Hapo ni washiriki, yaani wale waliosaini. Mwongozo wa 2016 wa CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba, unakwenda mbali zaidi, unataja na jamii, kwamba dawa au chanjo iliyopatikana ipelekwe kwa watu wa pale haraka iwezekanavyo pamoja na maarifa yenyewe. Lakini dada, hiyo ni miongozo. Ukienda mahakamani na Azimio la Helsinki mkononi kudai sindano ya mtoto wako hufiki mbali. Nguvu halisi iko kwenye kibali, pale watafiti wanapoomba ruhusa. Hapo nchi inaweza kusema hatutoi ruhusa mpaka tuone imeandikwa itauzwa bei gani hapa, nani atatengeneza, kiasi gani, na mtoto wa kundi la kulinganishwa atapewa lini. Baada ya sindano ya mwisho kudungwa huna tena cha kujadiliana nacho, mwenzio ameshapata data yake.

Na msione hili ni la malaria tu. Ile sindano ya kuzuia UKIMWI ya kila miezi 6, lenacapavir, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini na Uganda, na majibu yalipotoka Juni 2024 katika wale 2,134 waliodungwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani bei yake ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Kampuni ikatoa leseni za kutengeneza kwa bei nafuu kwa ajili ya nchi 120, sisi tumo, na imetangazwa kwamba kuanzia 2027 itakuwa kama dola 40 kwa mwaka. Lakini Brazil, Argentina, Mexico na Peru ambako watu nao walijitolea kwenye utafiti mwenza wa dawa hiyohiyo zikaachwa nje ya leseni. Walitoa miili yao na bei nafuu haiwahusu. Hilo linanikera mpaka leo.

Kwa hiyo Kazungu na MwanaKorogwe mimi naona wote mko sawa, foleni iongozwe na ugonjwa, ila deni lipo na anayedaiwa ni mtengenezaji na serikali iliyotoa kibali. Na lilipwe kwa bei na kwa wingi wa dozi ili hiyo foleni ifike na Kilifi.

Omosh_HB

Mimi niko huku Homa Bay kwenyewe, niwaambie tu kuwa kaunti ikiwa kwenye orodha kazi haijaisha. Chanjo hii inadungwa miezi 6, 7, 9 na ya mwisho 24. Zile tatu za kwanza wamama wanakuja vizuri. Ya miezi 24 sasa ndiyo shida, mtoto ameshamaliza chanjo zingine zote, anakimbia, mama amerudi shambani ama sokoni, kliniki iko mbali na boda ni pesa. Wahudumu wa afya ya jamii ndio wanazunguka nyumba kwa nyumba kukumbusha na wengi malipo yao ni ya kusukumasukuma. Ukitaka usawa anza na huyo anayetembea. Na jamani neti msiache, chanjo haijachukua nafasi ya neti.

MamaRehema

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Hilo la Migori limenigusa, sitaki mtoto wa mtu afe ili wangu atangulie. Lakini kusema kweli mambo ya bei na kiwanda hatukuwahi kuyasikia, dada yangu alielezwa madhara, alielezwa damu ni kijiko kimoja, alielezwa anaweza kutoka wakati wowote. Ikifanikiwa itakuwaje hapa kwetu, hakuna aliyefikiria hata kuuliza. Sasa hawa wenzangu niwaambie nini?

Mwanakamati

Usiwaambie wasiingie, tafiti tunazihitaji na zikiacha kufanyika kwetu tutaletewa dawa zilizopimwa kwa watu wengine. Waambie waulize kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya chifu na watu wote, si mmoja mmoja wakati wa kusaini. Waulize ikifanya kazi watoto walioko kundi la kulinganishwa watadungwa lini na nani atalipia, kama kaunti na wizara zimeahidi chochote na kimeandikwa wapi, nani ana haki ya kuitengeneza na kama kuna bei iliyokubaliwa, na matokeo mtarudi kutusomea lini kwa lugha yetu. Wakijibiwa "hilo litaangaliwa baadaye" waombe liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano na mwakilishi wa jamii alifuatilie.

Hii si nadharia. Chanjo mpya ya kifua kikuu, M72, ilianza kujaribiwa Machi 2024 kwa watu wapatao 20,000 na Kenya imo pamoja na Afrika Kusini, Zambia, Malawi na Indonesia. Maswali haya yanatakiwa kuulizwa sasa hivi wakati majibu bado hayajatoka. Utafiti wowote wa namna hii huwa una namba ya usajili, nyingine ziko kwenye rejista ya Afrika inayoendeshwa kutoka Cape Town na mtu yeyote anaweza kuisoma bure kwenye simu. Mkipata jina la huo unaokuja huko kwenu uliweke hapa, tutausoma pamoja.