Rangi zinageuka matope darasa la pili, nifanyeje?

MwalimuKalamu: Habari zenu walimu. Watoto 40, umri miaka 7 hadi 8, meza za watoto watano watano. Kila meza ina rangi ya unga iliyokorogwa kwa maji: nyekundu, buluu, njano na nyeupe. Somo ni kuchanganya rangi. Dakika kumi tu kila kitu kimekuwa kahawia, zambarau haipatikani kabisa, na karatasi zinatoboka. Kosa liko wapi?

Brashi_Bapa: Umetoa rangi nyingi kwa mpigo. Matope hutokea rangi zote tatu za msingi (nyekundu, buluu na njano) zikikutana, kwa hiyo usiziweke mezani pamoja. Somo la kwanza njano na buluu peke yake. Kila mtoto apate njano kijiko kimoja cha chai, buluu robo yake. Aanze na njano, kisha aongeze buluu kwa ncha ya brashi, na kila akiongeza apake kiraka kimoja kwenye karatasi. Mwambie atafute kijani tano zisizofanana. Akianzia na buluu atamaliza njano yote bila kuona badiliko la maana, maana buluu humeza njano haraka.

Maji nayo: vikopo viwili kila meza, cha kuoshea na cha kusuuzia, pamoja na kitambaa. Osha, suuza, futa. Wengi huruka kufuta, na hapo ndipo uchafu unapohamia rangi inayofuata.

Rangi_na_Udongo: Kuhusu zambarau, watoto hawana kosa. Nyekundu nyingi za shule zinaelekea chungwa, yaani ni kama zina njano ndani yake. Ukitia buluu, tayari una rangi tatu. Ipime kabla ya kipindi: changanya na nyeupe. Ikitoa waridi safi, inafaa; ikitoa waridi inayoelekea chungwa, tafuta majenta, yaani nyekundu inayoelekea zambarau. Buluu nayo iwe altramarini, yaani buluu inayoelekea zambarau, si ile inayoelekea kijani.

Ila kahawia usiifanye adui. Watahitaji udongo, magome ya miti na rangi za ngozi. Baadaye wafundishe kuitengeneza kwa makusudi: chungwa, halafu buluu kidogo sana.

Kona_ya_Sanaa: Karatasi ya kuchapishia ya gramu 80 kwa mita ya mraba haihimili maji. Tumia ya gramu 160 au zaidi. Tazama na brashi: iliyo nyembamba humlazimisha mtoto kusugua palepale mara nyingi, na karatasi hutoboka hata ikiwa nene. Bapa ya nywele ngumu, upana wa milimita 12 hivi, inatosha umri huo.

Unga anza na sehemu mbili kwa moja ya maji, ukiongeza maji polepole hadi uzito ufanane na mtindi. Ukoroge wewe kabla ya kipindi, vumbi lake si la kuvutwa na watoto. Koroga ya siku hiyo tu. Ikilala siku kadhaa hunuka.

MwalimuKalamu: Asanteni. Na nyeusi niilete lini?

Brashi_Bapa: Mwisho kabisa. Ikiwepo mapema, kila mtoto anayetaka rangi iliyokoza ataikimbilia hiyo. Ukishaileta, waanze kwa kuichanganya na njano: inatoka kijani ya zeituni, na darasa zima huduwaa. Zile karatasi za viraka usizitupe, zikatwe zitumike kwenye kolaji ya majani, yaani picha ya vipande vya karatasi vilivyobandikwa.