Waliofika Guanajuato, Mexico: tupeane uzoefu wa mji wa fedha na vichochoro

Msafiri wa Pangani

Habari zenu wadau. Jana binti yangu alikuwa akitafuta picha kwa ajili ya kazi ya shule, ikatokea picha ya mji uliopandana juu ya vilima, nyumba za manjano, waridi, buluu na chungwa zimebanana kama watu katika daladala, nikamwambia asiendelee mbele kwa sababu mji ule nimeukanyaga kwa miguu yangu. Ni Guanajuato, katikati ya Mexico. Nilikwenda nikitokea Texas, ninakoishi, na tangu jana kichwa changu hakijatoka kule.

Nianze na kilichonishangaza kuliko vyote, yaani barabara ya chini. Teksi ilipoingia handakini nilidhani tunapenya mlima mmoja na kutokea upande wa pili. Kumbe huko chini ndiko njia yenyewe ilipo: kuna njia panda, kuna vituo vya basi vyenye abiria waliokaa wakisubiri, na kuna ngazi za mawe zinazopanda mpaka kwenye viwanja vya juu. Hapo zamani ulipita mto, na mto ule ulikuwa na tabia ya kufurika. Mafuriko ya mwaka 1905 yaliuumiza mji vibaya. Baadaye maji yakaelekezwa kwingine, na katika miaka ya 1960 mkondo mkavu ukafanywa barabara. Usiku wa kwanza nilishuka kutafuta basi, simu ikapoteza mawasiliano, nikapanda ngazi mara tatu na mara zote tatu nikatokea mahali nisipopajua. Aliyeniokoa ni mzee muuza mahindi aliyeacha sufuria yake ikichemka akanishika mkono mpaka kwenye kituo. Waliofika, karibuni mchangie: mliona nini, mlifanya nini, na kipi kiliwashinda?

Mwana Forodhani

Ni kweli tupu. Mimi niliyezaliwa Mji Mkongwe wa Unguja nilijiona fundi wa vichochoro, lakini vyetu viko tambarare na vyao vinapanda ngazi, tena katika mwinuko wa mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani anahema kabla hajafika kona ya pili.

Binti Makadara

Umenikumbusha mbali, kaka. Mimi na mume wangu tulikwenda pamoja na mama mkwe, na hapo ndipo penye kisa changu.

Kuna kichochoro kiitwacho Callejón del Beso, yaani kichochoro cha busu. Mahali pake pembamba kabisa pana sentimita 68 tu, na roshani mbili zinatazamana juu kiasi kwamba mtu wa huku anaweza kumfikia wa kule. Hekaya yao inasema binti wa tajiri alikuwa akipendana na kijana maskini, kijana akapanga chumba cha ng'ambo ili wazungumze roshani kwa roshani, baba akawafuma na kumchoma binti yake kwa jambia, na kijana hakuweza lolote ila kuubusu mkono uliokuwa ukipoa. Wapendanao wanaopita leo husimama kwenye ngazi ya tatu, iliyopakwa rangi nyekundu, wakabusiana ili wapate miaka 7 ya heri. Anayepita bila kubusu, wanasema, anapata miaka 7 ya nuksi.

Sasa fikirini: foleni ndefu nyuma yetu, mpiga picha anatuhimiza, na mama wa mume wangu, mwanamke wa Mombasa wa baibui na haya zake, amesimama hatua mbili kutoka tulipo. Mimi nilikwisha kuamua kwamba nuksi ya miaka saba ni nafuu kuliko aibu ile. Mama mkwe akageuka akatazama ukutani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fanyeni haraka wanangu, watu wanangoja." Tangu siku hiyo mimi na yeye tumekuwa marafiki wa kweli, na sina namna nyingine ya kueleza deni langu kwa mji ule.

Shamba la Mzee

Mungu amweke mama huyo.

Mtu wa Kwamtoro

Mnazunguka zunguka, kumbe lililo kubwa kabisa hamjalitaja. Ukifika Guanajuato usikose jumba la maiti zilizokauka, kando ya makaburi ya mji. Zipo zaidi ya 100 katika hazina yake, na hutaona kitu cha namna ile mahali pengine. Mimi nawapeleka jamaa zangu mwezi wa kumi na hapo ndipo tutakapoanzia.

Mama Rehema

Nimesita siku mbili kabla ya kuandika, na ninaandika kwa sababu ya huo mchango wa mwisho.

Tulikwenda Guanajuato mwaka mmoja baada ya kumzika mtoto wetu wa tatu, aliyeishi siku kumi na moja. Mume wangu alikuwa na kazi katika mji wa León, ulio karibu, akaona afadhali nami nitoke nyumbani. Siku ya kwanza ilikuwa njema. Tulikaa chini ya miti ya Jardín de la Unión, ile bustani yenye pembe tatu ambayo miti yake hukatwa ikawa kama paa moja, tukawasikiliza wapiga tarumbeta, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilimaliza chakula kilichokuwa katika sahani yangu.

Siku ya pili mwenyeji wetu, mtu mkarimu asiyejua lolote kuhusu msiba wetu, akatukatia tiketi za jumba hilo. Nilitarajia kitu cha Misri, watu wa kale waliozungushiwa sanda, walio mbali nami kwa maelfu ya miaka. Wale si watu wa kale. Wa kwanza alitolewa mwaka 1865, naye alikuwa daktari kwa jina Remigio Leroy, na ufukuaji uliendelea hadi mwaka 1958. Kosa lao ni kwamba jamaa zao hawakulipa ada ya kaburi, kwa hiyo mwili ulitolewa katika shubaka la ukutani ili nafasi apewe mwingine, na ukavu wa ndani ya shubaka ulikuwa umewakausha kabla hawajaoza. Wapo waliosimamishwa, midomo wazi. Wengine wamevaa viatu mpaka leo. Yupo mwanamke ambaye mikono yake imeukinga uso, na waongozaji wanasimulia kwamba alizikwa akiwa hai.

Nikavumilia mpaka nilipofika kwa watoto. Wakatoliki wa kule walikuwa na desturi ya kumvisha mtoto mchanga aliyebatizwa mavazi ya malaika au ya mtakatifu siku ya maziko yake, wakimwita malaika mdogo, na baadhi yao wamebaki na mavazi hayo. Nilisimama mbele ya mmoja aliyevaa soksi za kufuma. Soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa imeshuka, kisigino kiko nje, kama zinavyoshuka soksi za watoto siku zote. Mkono wangu uliinuka wenyewe kwenda kuipandisha, nikagonga kioo.

Sikumbuki nilivyokaa chini. Nakumbuka watu walivyonipita pembeni, mmoja akiwa ameinua simu kupiga picha, na nakumbuka mwanamke mfagizi aliyeweka ufagio wake chini, akaninyanyua kwa makwapa, akanitoa nje penye jua bila kuniuliza chochote. Alinipa maji katika kikombe chake mwenyewe. Alipoona nimebana mikono tumboni akasema neno moja, angelito, yaani malaika mdogo, nami nikatikisa kichwa kukubali. Tulikaa wote wawili kwenye ukuta wa makaburi mpaka mume wangu alipotufikia.

Binti Makadara

Pole sana dada yangu. Nimesoma huku nimeshika mdomo. Mungu amlaze mtoto wako mahali pema.

Mwana Forodhani

Pole, mama. Poleni nyote wawili.

Fundi wa Lamu

Pole nyingi, na hapa lazima nimwambie ndugu wa Kwamtoro kwamba sisi tumelelewa kuamini kuwa heshima ya maiti ni sawa na heshima ya aliye hai. Mtu aliyenyimwa kaburi kwa sababu ya umaskini wa watoto wake, kisha akawekwa kiooni ili watu walipe kumtazama, amedhulumiwa mara mbili. Hata neno lenyewe linanitia baridi. Wao husema momia, na mumiani wetu, lile neno tulilotishiwa nalo utotoni ili tusizurure usiku, lina asili moja na hilo.

Mtu wa Kwamtoro

Mzee wangu, sikubaliani nawe. Watu wa mji ule wenyewe hawaoni haya, kwa sababu kwao mauti si jambo la kufichwa, na ndiyo maana wana siku yao ya kuwakumbuka marehemu kwa maua na mikate. Huuza mpaka peremende za sukari zenye umbo la maiti zile, ziitwazo charamuscas. Wewe unawahukumu kwa kipimo cha Lamu.

Fundi wa Lamu

Maua na mikate huwekwa na ndugu wa marehemu, kwa upendo. Mbele ya vioo vile ni ndugu gani aliyeweka ua?

Mtu wa Kwamtoro

Hilo siwezi kulijibu.

Msafiri wa Pangani

Ndugu zangu, nawaomba tusigombane mbele ya mwenye msiba. Je, kuhusu mwezi wa kumi, mnashauri watu waende au wasiende?

Njia Panda

Waende bila shaka, kwa sababu Oktoba ndiyo msimu wa tamasha la sanaa la Cervantino, linalofanyika tangu mwaka 1972. Lilitokana na michezo mifupi ya Cervantes, mwandishi wa kale wa Kihispania, ambayo mwalimu Enrique Ruelas na wanafunzi wa chuo kikuu walianza kuigiza mwaka 1953 katika uwanja wa San Roque, kwenye mawe yale yale, bila jukwaa. Niliingia Teatro Juárez kutazama ngoma na nikajikuta natazama dari. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1903, rais Porfirio Díaz akiwa amehudhuria, na juu ya paa lake zimesimama sanamu za miungu wa kike wa Kiyunani walezi wa sanaa, nane badala ya tisa wa hekaya.

Kiatu Kimoja

Mimi nasema wasiende Oktoba kabisa. Vyumba hujaa, na vichochoroni huwezi kupishana na mtu. Nendeni Februari, jioni mfuate vijana wa joho jeusi wanaoanzia mbele ya kanisa la San Diego na kuzunguka vichochoroni wakipiga gitaa na kusimulia vichekesho. Hata kama Kihispania hukijui, utacheka kwa sababu jirani yako anacheka. Vaeni viatu vya raba, kwa maana mawe yale yamelainishwa na miguu ya karne nyingi. Mimi nilirudi hotelini na kisigino mkononi.

Njia Panda

Februari jioni kuna baridi, ndugu. Mwambie na hilo.

Babu wa Mizingani

Nimewasoma wote kwa utulivu, nami nina la kuongeza, kwa sababu naona mnautembea mji bila kuuliza ulikula nini hata ukawa hivyo. Ulikula fedha, yaani madini yenyewe. Pandeni mpaka Valenciana, ambapo katika karne ya 18 Antonio de Obregón alichimba mgodi uliokuwa miongoni mwa iliyotoa fedha nyingi kuliko yote duniani, akawa mtu wa cheo. Kanisa la San Cayetano lililojengwa pale, likakamilika mwaka 1788, lina madhabahu tatu zilizofunikwa kwa dhahabu toka chini mpaka juu. Baada ya kuzitazama, vukeni barabara mkashuke katika mojawapo ya machimbo ya kale. Mtavishwa kofia ngumu, mtashuka ngazi zenye unyevu, na mtaelewa wale waliobeba mawe kwa mgongo walikuwa wakipumua nini.

Na fedha hiyo haikuwa geni kwetu. Wazee wetu wa Unguja walihesabu kwa reale, na mojawapo waliiita reale ya mzinga, kwa sababu nguzo mbili zilizochorwa juu ya sarafu ya Kihispania zilionekana machoni mwao kama mizinga. Sarafu za aina hiyo zilipigwa kwa wingi Mexico. Nilipokuwa ndani ya mgodi ule niligusa ukuta nikamkumbuka bibi yangu, aliyekuwa na reale moja katika kasha lake la mkadi.

Jambo la pili, msipite Alhóndiga de Granaditas kama mnaopita ghala. Lilikuwa ghala la nafaka kweli, lakini tarehe 28 Septemba 1810, vita vya uhuru vilipokuwa vimeanza, Wahispania walijifungia humo, na mchimba migodi aitwaye El Pípila akajifunika bamba la jiwe mgongoni dhidi ya risasi, akatambaa mpaka mlangoni akauchoma moto. Mwaka uliofuata watawala wakalipiza: vichwa vya viongozi wa vita hivyo, Hidalgo, Allende, Aldama na Jiménez, vikatundikwa katika pembe nne za jengo, vikakaa hapo mpaka 1821. Kulabu zipo hata sasa. Kwa hiyo, vijana wangu mnaobishana kuhusu kuonyesha maiti, mji ule ulikuwa na desturi hiyo kabla ya jumba lenu.

Fundi wa Lamu

Shikamoo babu. Umenifunga mdomo, ingawa moyo wangu haujakubali.

Mtu wa Kwamtoro

Marahaba haiwezi kunihusu, lakini nami nimesikia. Mama Rehema, naomba radhi. Niliandika kwa furaha ya safari, sikufikiria nani anasoma. Katika kundi langu wamo dada wawili ambao sijui wamepitia nini. Ningependa kujua kwako nifanye nini, maana tiketi bado sijakata.

Mama Rehema

Hukunikosea, kaka. Usiwazuie kwenda. Waambie tu usiku wa kabla, mkiwa mezani mnakula zile chapati za mahindi za wachimba migodi zenye viazi na karoti, kwamba ndani kuna watoto. Waambie wakati bado wanaweza kusema wamechoka na watabaki hotelini, bila mtu kuwauliza sababu. Atakayebaki, mpeleke jioni kwa ile reli ya kamba iliyo nyuma ya Teatro Juárez mpaka kwenye sanamu ya El Pípila. Sisi tulimalizia huko. Taa zilikuwa zinawashwa nyumba moja moja, nasi tulikaa mpaka baridi ilipotuondoa.