Tupeane uzoefu: Kubadili boksi la hewa na filta kwenye pikipiki za sport (Tanga)

Spana Kumi, Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Sport zimeongezeka mjini: R6, CBR, GSX-R, Ninja. Vumbi ni lile lile, la chokaa na saruji upande wa Maweni na Pongwe, na jekundu ukipanda Amani kutokea Muheza. Vitabu vya pikipiki hizi hutaja kubadili filta kwenye km 18,000 au zaidi, lakini hesabu hiyo ni ya lami. Kwa njia zetu fungua uangalie kila km 3,000 hadi 4,000. Anayejua aweke hatua na vipimo. "Mpelekee fundi" tuliache nje ya uzi huu.

Mzee wa Alenki
Nianze na kufungua, maana boksi la hewa, lile sanduku la plastiki linaloshika filta, liko chini ya tangi.

Petroli iwe chini ya robo tangi. Kama ni ya injection (isiyo na kabureta), chomoa soketi ya pampu, washa injini, iache izime yenyewe. Bomba lile lina presha ya karibu bar 3, ukilifungua hivi hivi petroli inakurukia usoni. Hata ikishazima, weka kitambaa chini ya kiungo. Tangi lilaze juu ya tairi bovu, usilisimamishe kwenye sakafu. Mipira miwili midogo ya kupumulia na kutolea maji ya mvua ifunge utepe wa rangi tofauti isipishane, na wa kupumulia ukibanwa tangi linakosa hewa na pikipiki inazima ukiwa njiani.

Kwenye boksi kuna sensa ya joto la hewa, mpira wa pumzi ya injini, na kwa nyingi mpira wa kupeleka hewa kwenye ekzosi. Piga picha kabla hujachomoa chochote. Skrubu za mfuniko hazilingani urefu. Toboa katoni kwa mpangilio wa mfuniko wenyewe, kila skrubu ikae tundu lake. Ndefu ikiingia pa fupi, plastiki inapasuka.

Boksi zima linang'oka ukilegeza klipu zinazolibana kwenye throtobodi (milango ya kupitishia hewa kwenda kwenye silinda). Alenki (spana ya pembe sita), mara nyingi ya mm 4, yenye mpini mrefu inazifikia kutoka ubavuni. Legeza tu, usizitoe.

Boksi likishatoka, ziba matundu yote manne ya throtobodi kwa vitambaa vikubwa vya rangi kali. Si pamba, si tishu. Vihesabu ukiweka, vihesabu ukitoa.

Dada Klachi
Nyongeza kuhusu skrubu. Kwa upepo wa bahari huku Raskazone, zile za msalaba zinashika kutu kichwani. Pulizia WD-40 usiku wa kuamkia kazi. Tena bisibisi ya msalaba ya kawaida haikai sawasawa kwenye skrubu za Kijapani, inapanda juu na kula kichwa. Tafuta yenye kipimo cha Kijapani, namba 2. Kurudishia: kaza kwa vidole hadi ikae, kisha robo mzunguko. Plastiki haihitaji nguvu za kukazia kichwa cha silinda.

Kijana wa Chumbageni
Filta ya karatasi inapulizwa na kompresa ya gereji?

Fundi Bila Gereji
Ishike kwanza. Kama karatasi ina ulaini wa mafuta, haipulizwi wala haioshwi, inatupwa. Yale mafuta ndiyo yanayonasa vumbi, ukiyapeperusha unabaki na karatasi ya daftari. Iliyo kavu kabisa pulizia upepo mdogo kutoka upande msafi (unaoelekea injini) kwenda mchafu, kwa mbali, kisha imulike kwa tochi. Ukiona nuru hata ya tundu la sindano, nunua nyingine.

Ya kitambaa, aina ya K&N: paka dawa yake, subiri dakika 10, isikaukie humo. Suuza kwa maji ya bomba ya taratibu kutoka ndani kwenda nje. Ikauke kivulini, usiilazimishe kwa kompresa. Paka mafuta yake kidogo kwenye kila kunjo, subiri dakika 20, ongeza penye weupe tu. Yakizidi yanatiririka mpaka kwenye sensa na sailensa (mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta) inayumba.

Sponji: mafuta ya taa, kisha sabuni. Petroli inayeyusha gundi ya maungio. Kamua kwa viganja, usisokote kama dekio.

Mzee wa Alenki
Hapo sawa, ila mnaipa filta sifa nyingi kuliko kiti chake, pale inapokaa ndani ya boksi. Filta ya bei kali iliyokaa upande inapitisha mchanga kuliko ya kawaida iliyokaa vizuri. Pitisha kidole mzunguko mzima wa raba. Ikiwa ngumu au ina alama ya kubonyea sehemu moja, haizibi tena. Paka grisi ya silikoni nyembamba pale inapokalia. Grisi ya bering inavimbisha raba.

Ndani ya boksi, futa upande msafi kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, kuna njia ya pembeni, na kubadili filta peke yake hakuitibu.

Kurudisha boksi ndipo wengi wanapokwama. Mipira minne inayounga boksi na throtobodi iingie kwa pamoja. Ipake maji ya sabuni, sukuma katikati, kisha hakikisha kila mmoja kwa kioo kidogo na tochi. Mmoja ukijikunja kwa ndani, silinda hiyo inavuta hewa ya ziada: inamisi kwenye sailensa, inapiga pa-pa ukiachia mafuta, na plagi yake inatoka nyeupe wakati nyingine zina rangi ya kahawia. Kupata inapovuja, nyunyizia maji kwa chupa ya kupigia pasi kuzunguka mipira injini ikiwaka. Mlio ukibadilika, ni hapo. Wanaotumia petroli kwa kipimo hiki wanatafuta moto.

Kijana wa Chumbageni
Na kutoa boksi kabisa, kuweka vifilta kwenye kila tundu? Naona mitandaoni zinalia vizuri.

Fundi Bila Gereji
Mlio utaupata. Boksi si ghala la hewa tu: ujazo wake na urefu wa zile tarumbeta (mirija ya kuvutia hewa) za ndani vimepimwa ili mawimbi ya hewa yarudi valvu ikiwa wazi. Ukiliondoa, nguvu ya katikati inapotea, hapo hapo unapopahitaji ukipita malori ya Horohoro. Ya kabureta itataka jeti (kitundu cha kupitishia petroli) kubwa zaidi, bila hivyo mchanganyiko unakuwa mwembamba (hewa nyingi, petroli kidogo) na injini inachemka. Ya injection, ukifungua throto sana kompyuta inapima mafuta kwa pembe ya throto na mizunguko ya injini. Haijui umetoa boksi mpaka irekebishwe ramani yake, yaani jedwali lake la kupimia mafuta. Halafu vifilta vinakaa juu ya injini vinavuta hewa ya moto, wakati boksi lilikuwa linaletewa ya baridi kutoka mbele.

Dada Klachi
Kuna kimpira chenye kizibo chini ya boksi, wengi hawakioni. Kifungue. Yakitoka maji kidogo, ni mvua au kuosha kwa presha kwenye matundu ya mbele, jambo la kuacha. Ikitoka oili nyingi, pima oili ya injini kwanza, kwa kawaida imejazwa kupita alama.

Spana Kumi
Kabla ya kufunga kiti cha pikipiki: fungua swichi usikie pampu ikijaza, angalia kiungo cha petroli, washa, zungusha usukani pande zote mbili. Mizunguko ikipanda, kebo ya throto imebanwa na tangi. Taa ya injini ikigoma kuzima, mara nyingi ni soketi ya sensa ya boksi imesahaulika. Baada ya km 200 fungua tena mfuniko, pitisha kile kitambaa cheupe.