Naomba ushauri: kutambua haraka seli za kinga zilizoamshwa kwa kihisi cha umeme

Ndugu wataalamu, heshima kwenu. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Mbeya, na kwa utafiti wa shahada yangu nimekusudia kutambua iwapo limfositi T (aina ya seli nyeupe za kinga) zimeamshwa au bado zimetulia, bila kuzipaka rangi. Njia iliyozoeleka hutumia kingamwili zenye rangi zinazonasa protini za alama: CD69, ambayo hujitokeza juu ya seli ndani ya saa chache, au CD25, ambayo huchelewa zaidi. Lakini kingamwili hizo ni ghali, zinahitaji ubaridi njia nzima, na mashine ya kuzisoma si kitu cha kuazima kama jembe.

Kwa hiyo nafikiria kihisi kinachopitisha seli mojamoja kwenye mfereji mwembamba wenye elektrodi. Umeme wa masafa (frikwensi) ya chini hueleza ukubwa wa seli, na wa masafa ya juu zaidi hueleza hali ya utando wake. Limfositi iliyoamshwa hutanuka, kutoka takriban maikromita 7 hadi 10 au zaidi.

Kinachonitatiza ni kwamba monositi (aina nyingine ya seli nyeupe za damu) nazo ni kubwa: nitazitofautishaje? Tena, asubuhi za Juni maabara huwa baridi kweli (wenyeji wa Uyole wananielewa), na upitishaji umeme wa mmumunyo unaobeba seli, ambao kipimo hutegemea, hubadilika kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Je, nipashe joto kifaa chote, au nichanganye katika kila sampuli vishanga vya plastiki vyenye ukubwa unaojulikana, viwe rejea? Aliyewahi kuamsha limfositi kwa PHA (protini ya maharage inayoamsha seli hizo), naomba anieleze pia ni baada ya saa ngapi kipimo cha ukubwa huanza kuaminika.