Ushauri: Gitaa za metal zinasikika zimelegea, nitumie plugini (programu ya kuchakata sauti) gani?

Kutu_Nyeusi (mleta uzi): Wakuu, habari zenu. Tunarekodi nyimbo 5 za death metal (roki nzito ya kasi), kasi ya mapigo 200 kwa dakika, nyuzi za gitaa zimeshushwa hadi noti C. Dramu zilirekodiwa kwa maiki 8 chumba cha mazoezi, gitaa na besi nyumbani kwenye intafesi (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) yenye matundu 2. Kila gitaa likiwa peke yake liko safi. Nikiunganisha vyote, rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) inakuwa uji. Nimejaribu ampu (vikuza sauti vya gitaa) za kompyuta karibu zote. Plugini ipi inabana?

WayaMnene: Mkuu, punguza gaini (kiasi cha mkwaruzo wa ampu) kwanza, watu wengi wanaizidisha. Weka ovadraivu (pedali ya kukwaruza sauti) mbele ya ampu: draivu sifuri, levo juu kabisa, toni katikati. Inapunguza besi kabla haijaingia kwenye ampu, ndipo mapigo ya kuziba nyuzi kwa kiganja yanapokatika vizuri. Kisha kata sauti za chini ya hezi 80. Na kwa C, waya wa sita uwe walau inchi 0.056. Ukiwa mwembamba, kila ukiupiga kwa nguvu sauti inapanda juu ya noti kisha inashuka, na tyuna haitakuokoa.

BesiNdiyoMama: Mnasahau besi kama kawaida yenu. Gawa traki mbili: ya chini safi, imebanwa na kompresa (kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti) mpaka haichezi, ya juu kata chini ya hezi 250 kisha ipige distosheni. Uzito mnaoutafuta kwenye gitaa uko huku.

Mzee_wa_Tepu: Vijana, muziki ni roho. Mnanyoosha kila kitu mpaka binadamu hasikiki. Pigeni, acheni kompyuta.

Kiganja: Mzee, bendi ya metal ya Meshuggah wa Sweden wana Tomas Haake, mpiga dramu asiye na mfano, na bado dramu za albamu yao ya 2005 zilipangwa kwa kompyuta. Bendi ya Duma wa Nairobi nao 2020 walitoa albamu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, dramu za mashine, na roho ipo tele. Mleta uzi, jibu hili: dramu zilipigwa kwa kliki (mlio wa kuhesabu kasi)?

Kutu_Nyeusi: Kliki ilikuwepo.

Kiganja: Ilikuwepo chumbani au masikioni mwa mpigaji?

Kutu_Nyeusi: Hakuipenda, akavua hedifoni. Lakini hilo nimeshalimaliza, nimekata kila pigo nikalisogeza kwenye gridi (mistari ya kasi ya kompyuta). Sasa dramu ziko sawasawa.

Kiganja: Na gitaa zilirekodiwa kabla au baada ya kusogeza?

Kutu_Nyeusi: Kabla. Lakini mpiga gitaa yuko vizuri sana, sioni haja ya kumrudisha. Halafu video tumeshaanza kuipanga.

Kiganja: Basi ugonjwa ni huo. Kasi 200, robo ya pigo, yaani noti moja fupi, ni milisekunde 75. Gitaa lilifuata dramu za zamani, wewe ukahamisha dramu. Tofauti ya milisekunde 20 tu ni zaidi ya robo ya noti hiyo. Hakuna plugini ya hapo. Ama rudisha dramu za mwanzo na utengeneze ramani ya kasi (gridi inayopinda kufuata upigaji) inayozifuata, ama piga gitaa upya juu ya dramu zilizonyooshwa.

Dogo_Distosheni: Video ya wimbo ambao haujaisha 😂 mtavaa nini?

Jicho_Kavu: Ngojeni kwanza. Maiki 8, intafesi matundu 2. Hizo 6 ziliingilia dirishani? Hii ni chai, tena ya tangawizi.

WayaMnene: Hata mimi nilijiuliza. Mleta uzi, weka picha ya seshoni (faili la kurekodia).

Kutu_Nyeusi: Si chai jamani! Maiki ziliingia kwenye mikisa ya chumba cha mazoezi, ikatoka kwa USB kwenda laptopu.

Jicho_Kavu: Mikisa nyingi za USB hutuma kushoto na kulia tu. Una traki ngapi za dramu?

Kutu_Nyeusi: Mbili.

Kiganja: Mungu wangu. Kwa hiyo ulipokata sneya (dramu ya mlio mkali), ulikata na mkia wa simbo (sahani za shaba). Sikiliza simbo peke yake kila unapokata: inapumua, inakatika. Na huwezi kuipandisha dramu ya mguu bila kupandisha kila kitu. Traki hizo ziwe mwongozo tu. Panga dramu upya kwa sampuli (milio ya dramu iliyorekodiwa tayari), ukibadili nguvu ya pigo moja hadi jingine ili sneya isilie kama bunduki. Hariri dramu mpaka zikamilike kabisa. Ndipo gitaa: mara mbili, kila upande upigaji wake. Kunakili traki moja na kuichelewesha hakuleti upana wa kweli; ukisikiliza kwa spika moja, masafa yanakulana. Rekodi pia sauti kavu ya gitaa ili ampu uchague baadaye.

Kutu_Nyeusi: Mpiga dramu atakubali kweli?

BesiNdiyoMama: Muulize yeye, sio sisi. Na mwambie kabla hajaona video.