Waandishi wa riwaya za dada wenye vipawa, mnatuuzia udada halafu mnatupatia mvulana

Wakuu, uzi huu naufungua nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Jana usiku nimemaliza kitabu cha tatu cha mfululizo wa dada wawili: mkubwa anasoma mawazo ya watu, mdogo anaona mambo kabla hayajatokea. Jina la kitabu silitaji, maana ugonjwa huu si wa kitabu kimoja. Mwaka huu pekee hiki ni cha nne kunifanyia hivi.

Jalada lina wasichana wawili walioshikana mikono. Nyuma wameandika kwamba nguvu zao zinafanya kazi wakiwa pamoja tu. Na kitabu cha kwanza, haki ya Mungu, kilitimiza ahadi. Kuna sura moja dada mtu amelala chumba cha pili, usiku, ghafla wazo la mdogo wake linampata kupitia ukutani. Jambo la aibu ambalo yule mtoto hajamwambia yeyote. Asubuhi wanakutana mezani. Dada mtu anajua. Mdogo mtu anahisi kwamba anajua. Hakuna anayefungua mdomo. Dada anavuta kiti chake taratibu, anakaa karibu naye kuliko siku zote, basi. Nilirudia ukurasa ule mara tatu, halafu nikaenda kumsomea mdogo wangu kwa sauti.

Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye hadithi hizi. Si meza kuruka wala taa kuzimika. Ndugu yako hukuwazia mabaya mara ngapi kwa siku? Mkigombana, kwa dakika mbili tatu anakuchukia kabisa, halafu inapita, na wewe hujui, ndiyo maana mnaweza kuishi nyumba moja. Sasa wewe unayesikia kila kitu, pamoja na zile dakika mbili tatu, utampenda vipi kesho? Swali hilo peke yake lingetosha vitabu vitatu.

Kitabu cha pili anaingia kijana mwenye macho ya kijivu ambaye mawazo yake hayasomeki. Huyu kijana yupo kila mahali jamani! Msichana anasikia vichwa vya dunia nzima isipokuwa cha huyu mmoja, na eti hiyo ndiyo sababu ya kumpenda. Haya, apendwe, sina ugomvi na mapenzi. Nina ugomvi na kinachomtokea mdogo mtu tangu siku hiyo. Anageuzwa kuwa mpeleka habari. Hadithi ikikwama, anaanguka, damu inamtoka puani, anataja neno moja, anafunikwa blanketi, wenzake wanaondoka kwenda kuokoa dunia. Hana rafiki. Hana kitu anachokipenda. Kurasa zaidi ya mia nne na hatuambiwi hata mara moja kwamba anaogopa kulala, wakati mtoto anayeota vifo vya watu kabla havijatokea lazima aogope kulala!

Halafu kijana anawagombanisha, na mwandishi anaamua upande wa kijana. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Kwenye vitabu hivi anayeingia kati ya ndugu ndiye anayebaki na mavuno, ndugu anafukiwa. Kitabu cha tatu mdogo mtu anakufa ili dada mtu apate nguvu kamili. Amekuwa kuni tu.

Na hizo nguvu zenyewe hazina sheria. Kitabu cha kwanza kinasema waziwazi kwamba dada mtu hawezi kumsoma mtu aliyelala. Cha tatu anamsoma adui usingizini, tena kwa urahisi, hakuna maelezo hata ya sentensi moja. Sisi tuliokariri sheria ile tumeonekana wajinga.

Miaka ya 1930, J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alikuwa akipima kama watu wanaweza kutambua kadi wasizoziona, kwa kadi 25 zenye alama 5: duara, msalaba, mistari ya mawimbi, mraba na nyota. Ukibahatisha tu, wastani wako ni 5. Matokeo yake yalizua kelele, watafiti wengine wakajaribu kurudia wakayakosa. Sasa tazama mtu anaweza kufanya nini na kadi hizo. Msichana anapata 9 leo, kesho 4, hajui kama ana kipawa au bahati, na anayemshikia kadi ni dada yake. Dada anakodoa macho kidogo ikija nyota. Anamsaidia? Anajua kwamba anamsaidia? Mimi ningekesha na kitabu hicho. Badala yake tunapewa msichana anayeamka siku ya kuzaliwa kwake na anaweza kila kitu.

Najua atakuja mtu kuniambia hizi ni hadithi za vijana, nisitake makubwa. Dada wa kweli walikuwa na makubwa kuliko haya. Mwaka 1848 huko Hydesville, jimbo la New York, kwa Maggie na Kate Fox, bado watoto, ilianza kusikika milio ya kugonga ndani ya nyumba yao, watu wazima wakaamini ni roho ya marehemu. Dada yao mkubwa, Leah, akawasimamia, wakapandishwa jukwaani. Miaka 40 baadaye, Oktoba 1888, Maggie alisimama mbele ya umati New York akaonyesha kwamba milio ile aliitoa kwa viungo vya vidole vya miguu. Kate alikuwepo ukumbini, ameketi, anatazama. Na Leah walikuwa wameshakosana naye. Mwaka uliofuata Maggie akafuta kauli yake. Kate alifariki 1892, Maggie 1893, wote katika umaskini. Siri moja waliibeba pamoja tangu utotoni, na hapo hakuna kijana wa macho ya kijivu aliyehitajika.

Mdogo wangu alikuwa anasoma nyuma yangu, sura moja moja, kwa sababu nakala ni moja. Leo mchana alinirudishia kitabu bila kusema kitu. Baadaye akaja mlangoni akauliza: "Dada, mama yao aliambiwa saa ngapi?"

Nikarudi kutafuta. Mama yupo kitabu cha kwanza, anawasuka nywele wote wawili. Kitabu cha tatu mtoto wake anakufa ukurasa wa 380, dada mtu na kijana wanaondoka wameshikana mikono, na kitabu kinakwisha. Mama hakuambiwa.