Tupeane uzoefu: pikapu ilinuka kuungua, ukakuta ni nini?

MzeeWaViazi
Naanza mimi. Niko na Hilux ya dizeli, injini ya 3L, ile ya zamani, kazi yake ni viazi kutoka Kabale mpaka Kampala. Mwaka jana msimu wa mvua tulitoka usiku, magunia yamepita juu ya kabini, Mbarara tukavuka salama, kufika Lyantonde nasikia harufu. Taniboi anasema mzee hao ni watu wanachoma takataka. Sawa. Kilomita 20 mbele bado wanachoma takataka. Masaka wanachoma. Lukaya tukasimama kununua kuku wa vijiti, na katikati ya moshi wote ule wa mkaa pua yangu bado inachukua kitu kingine, kikali, kama chuma na karatasi vimeunguzwa pamoja.

Fundi mmoja wa kando ya barabara akainama mara moja, akanusa, akasema klachi. Hakushika gurudumu hata moja. Mimi na usingizi wangu nikakubali, giaboksi ikashushwa, klachi pleti mpya, presha pleti mpya, nusu ya pesa ya viazi ikaishia pale. Ile pleti ya zamani niliitazama ilikuwa bado ina nyama lakini ishatolewa, utasema nini. Tukaondoka, hata Kayabwe kwenye ikweta hatujafika, harufu ile ile.

Kampala nikapelekwa kwa mzee mmoja karibu na Kisekka. Huyu hakuchukua spana, alichukua chupa ya maji ya kunywa akadondosha matone kwenye rimu moja moja. Tatu kimya. Ya mbele kushoto ikalia chwiii. Akapiga jeki, gurudumu halizunguki kwa mkono. Akalegeza kile kiskurubu cha kutolea upepo kwenye kaliper, oili ya breki ikaruka kama mate ya nyoka na gurudumu likawa huru hapo hapo. Akasema pistoni ingekuwa ndiyo imekwama isingeachia, hii ni presha imefungiwa ndani. Akautoa mpira wa breki, ule bomba wa kupitisha oili, akaupasua kwa wembe: nje mzima kabisa, ndani umevimba mpaka tundu limebaki la kupitisha sindano. Mguu wako una nguvu ya kusukuma oili ipite, lakini ukiachia oili haina nguvu ya kurudi, kwa hiyo unatembea na breki imeshika safari nzima. Tulibadilisha mipira yote miwili ya mbele, pedi na oili, haikufika hata robo ya pesa ya klachi. Leteni zenu.

BintiBusia
Yangu ni aibu tupu. Handibreki. Busia mpaka Bugiri na mahindi nyuma, najiambia leo gari nzito sababu mahindi hayakukauka vizuri. Trafiki ndiye aliniambia madam, nyuma kunatoa moshi. Laini za breki za nyuma zilikuwa zinang'aa kama kioo, ikabidi kuweka mpya. Na ile taa ya handibreki kwenye deshibodi ilishakufa siku nyingi nikasema si muhimu.

KabichiSipi
Mzee pole, lakini klachi nayo iko, msiiachie hivyo. Huku Kapchorwa milima haichezi. Harufu ya klachi inakuja ukitoa gari kwenye mlima au ukinasa kwenye matope, halafu ukifika tambarare inapotea. Ya breki inakufuata kote. Jipime hivi: barabara tupu, gia ya nne, mwendo wa kama 40, kanyaga mafuta yote. Injini ikipiga kelele na gari haiongezi mwendo, pleti inateleza. Yangu ilikuwa inateleza kwa sababu oili sili ya nyuma ya krenki, ule mpira wa kuzuia oili ya injini, ilivuja ikailowesha, na nikiri pia kwamba nilikuwa na tabia ya kushikilia gari mlimani kwa nusu klachi huku napiga stori na watu wa boda. Kama mnashusha giaboksi wekeni na ile sili, si ya bei, msije mkarudia kazi.

MukeneExpress
Mimi nilidanganywa na mzigo. Nabeba mukene, yaani dagaa, kutoka Kiyindi, kwa hiyo gari kunuka samaki ni kawaida, sikushtuka. Kumbe waya ukianza kuungua plastiki yake inaweza kunuka kama samaki, na mimi nimekaa hapo nafungua dirisha nalaumu mukene wa watu!! Niliamka moshi ulipotoka chini ya redio. Nikazima, nikaruka, bahati spana namba 10 huwa inakaa mlangoni, nikatoa waya wa hasi wa betri. Aliyenifungia spotilaiti alikuwa amezivuta moja kwa moja bila rilei, ile swichi ya kubeba umeme mwingi, na fyuzi ilipokuwa inakatika kila mara mtu akaizungushia ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Huyo mtu ni mimi, basi, nimesema.

Karamoja4x4
Kavera, mfuko wa plastiki. Lilinata kwenye ekzosi nikalikwangua na panga. Lakini ukipita kwenye nyasi kavu ndefu chungulieni chini kila mara, nyasi zikijibana juu ya ekzosi hiyo si harufu tena, ni moto.

NambiTororo
Jamani yangu inanuka nikisimama tu, kwenye taa au foleni. Nikitembea hamna kitu. Breki au nini?

KabichiSipi
Dada hiyo nadhani ni oili inadondokea ekzosi. Ukitembea upepo unaitoa, ukisimama inapanda kwenye kabini. Fungua boneti injini ikiwa imepoa, pitisha kidole chini ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, upande wa ekzosi. Kikitoka cheusi na mafuta, ni gasketi. Usikubali kufunguliwa injini kabla ya hapo.

NambiTororo
Kidole kimetoka cheusi kabisa. Asante kaka, kesho naenda kununua.

BintiBusia
Mzee wa viazi, kwa hiyo klachi ya watu ulilipia bure? Hukumrudia yule fundi?

MzeeWaViazi
Nilimrudia, safari iliyofuata, na ule mpira uliopasuliwa mkononi. Akautazama pande zote, akanirudishia, akasema, "Lakini mzee, klachi si sasa ni mpya?" Taniboi akacheka mpaka akakaa chini. Nikanunua kuku, tukaondoka.